Mtoto Aliye Mbali na Baba Yake



Neno langu lawahusu wanachama walioachana na wenzao wa ndoa, kisha wakahamishiwa vituo vya mbali. Mimi ni mmoja wao. Kazi yangu iko Kigoma. Mwanangu wa miaka 14 anakaa Tanga na mama yake. Kutoka kwangu mpaka Dar es Salaam tu, reli ni zaidi ya kilometa 1,200.

Mama yake aniarifu kwamba kijana akitoka shule hujifungia chumbani. Mpira ameuacha, wala hakuna mwenziwe anayekuja kupiga hodi. Jamaa zangu husema huo ni utulivu, nimshukuru Mungu. Sikubaliani nao. Mtoto apendaye kukaa peke yake huonekana ana furaha na kitabu chake au ufundi wake. Huyu ameacha hata yale aliyoyapenda. Tofauti hiyo haipambanuliwi kwa simu ya dakika tano ya kuuliza mtihani na ada.

Wengine hunishauri nimchukue. Shauri hilo ni tamu kwa baba, lakini sisi makarani twaujua uhamisho: hata mtu mzima aweza kumaliza mwaka katika kituo kipya hana wa kunywa naye chai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitaka mahakama itazame matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye apendapo, maadamu masomo hayaharibiki. Basi aulizwe mwenyewe kwanza.

Tena yatupasa kusemezana na mama zao. Najua wako wasioandikiana ila kwa mkono wa wakili! Lakini aonaye uso wa mtoto wakati wa chakula cha jioni ni mama. Bila yeye hatuna macho. Huzuni ikipita majuma mawili, naye hali vema wala halali, apelekwe hospitali, asikemewe.

Mwisho, naomba Kamati iwaandikie wakuu wa kazi ili likizo za wazazi wa namna yetu zipangwe pamoja na likizo za shule. Barua nimekwisha kuiandika. Iko mezani kwa Katibu, na apendaye kuitia sahihi aweza kufanya hivyo kabla ya kuondoka.