Rangi ya Ngozi, Mwavuli wa Jua



Mtu apitaye Kariakoo, katika Ilala, wakati wa jua kali, huwaona wachuuzi wamekaa chini ya miamvuli. Leo twataka kusema nanyi habari ya mwavuli mwingine, ambao wengi wetu tumezaliwa nao, nao ni rangi ya ngozi.

Ndani ya ngozi mna chembe ndogo sana zitengenezazo rangi iitwayo melanini. Hesabu ya chembe hizo haipitani sana baina ya mtu mweusi na mweupe. Tofauti ni wingi wa rangi na namna yake. Kazi yake ni kuzuia mionzi ya jua isiudhuru mwili. Ndiyo sababu mkulima ashindaye shambani huzidi weusi: ngozi yaongeza kinga yake.

Rangi hiyo huweza kugeuka. Utango ni ukungu uotao juu ya ngozi, na dawa yake ipo. Katika mbalanga chembe za rangi hufa, ngozi ikafanya mabaka meupe. Ugonjwa huo hauambukizi. Lakini baka lililokufa ganzi huenda likawa ni ukoma, nao hupona kwa dawa. Basi mtu asikawie kwenda hospitali.

Mwenye ualbino anazo chembe hizo, ila hazitengenezi rangi ya kutosha. Ameirithi hali hiyo kwa baba na mama wote wawili, ijapokuwa wao ni weusi. Si laana, wala si kosa la mama. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliwaonyesha zaidi ya 16,000 katika Tanzania. Jua ni adui wao. Wako waliofika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, papa hapa Ilala, vidonda vyao vikiwa vimekwisha kuwa saratani.

Basi tazameni ajabu hii. Mmoja autafuta mwavuli asiupate. Mwingine, aliyezaliwa nao, atoa fedha yake dukani ili auchane! Mafuta na sabuni za kujichubua zenye zebaki huzuia melanini isitengenezwe. Zebaki hupenya mwilini ikaharibu mafigo, na kwa mama mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni nayo, ikipakwa siku nyingi, huweza kuleta usoni weusi wa madoa usiotoka upesi: aliyetafuta weupe akapata kinyume chake. Vitu hivyo vimekatazwa katika vipodozi nchini Tanzania.

Kwa hiyo twawasihi: kopo lisiloonyesha vitu vilivyomo, liacheni dukani. Na mtoto mwenye ualbino mpeni kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Shuleni mketisheni kivulini, karibu na ubao, kwa kuwa macho yake nayo hayaoni mbali. Asiye na mwavuli hukaribishwa chini ya mwavuli wa mwenziwe.