Kiti Bungeni, Shamba Kijijini

Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, iliyofuata Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000, iliwatengea Watwa viti 3 katika Bunge la Taifa na 3 katika Seneti. Katiba ya mwaka 2018 haikuviondoa. Hiyo ni haki ambayo mataifa mengi hayajaifikia.

Lakini kiti hakilimwi. Huko Gatete na Rumonge, mwenye ardhi huvuna mawese na mihogo. Asiye nayo hubaki kibarua wa mwenziwe. Ufinyanzi, kazi ya jadi ya Watwa, umeshindwa na sufuria na ndoo za plastiki. Na mabonde walikochota udongo yamegeuzwa mashamba ya wengine.

Kwa hiyo, viti vile vitapimwa kwa hati za mashamba zitakazotolewa.