Babu Amewekewa Mpira: Ndiyo Mwisho Wake?

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ziba, wilaya ya Igunga

 

Leo hatuzungumzii UKIMWI wala malaria. Tunazungumzia mkojo. Haya, chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Mgonjwa akionekana wodini na kile kimfuko cha mkojo kando ya kitanda, watu hunong'onezana: huyo basi tena. Eti ukiwekewa mpira hutoki. Siyo kweli! Na maneno hayo yana madhara, maana mzee akiyasikia anabaki nyumbani na maumivu yake.

Mpira wa mkojo, ambao kitaalamu huitwa katheta, ni mrija laini unaopitishwa kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu. Karibu na ncha una puto dogo. Ukishafika, muuguzi anajaza puto maji safi kidogo kwa bomba la sindano, na mpira hauchomoki. Daktari Mmarekani, Frederic Foley, ndiye aliyeutangaza miaka ya 1930, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Sasa nani anauhitaji? Chukua babu wa miaka 70. Kila mwanamume ana tezi dume, chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo. Umri ukisogea tezi hukua na kuibana njia. Mwanzoni babu anaamka mara nne usiku, mkojo unadondoka matone matone. Siku moja unagoma kabisa. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama nusu lita; cha babu sasa kinaweza kuwa na lita nzima au zaidi. Tumbo la chini limevimba, jasho linamtoka, lakini anaona haya kumwambia binti yake. Anapewa dawa ya mizizi "kuongeza mkojo". Jamani, ndoo imejaa, ninyi mnazidi kumimina! Mkojo ukikwama, shinikizo linarudi kwenye figo, na figo zikiharibika ndipo mtu anapoteza maisha. Mpira ukipita, dakika chache tu babu anapumua. Baadaye madaktari wataitibu tezi yenyewe, kwa vidonge au kwa upasuaji.

Wasichana, na ninyi linawahusu. Mama akishikwa na uchungu siku mbili bila kujifungua, kichwa cha mtoto hukandamiza kibofu kwenye mfupa wa nyonga. Nyama inakosa damu, inakufa, tundu linatoka. Hiyo ndiyo fistula: mkojo unavuja usiku na mchana, na mara nyingi mtoto amefariki pia. Si uchawi wala malipo ya uzinzi. Mama huyo akiwekewa mpira mapema, kibofu kinakaa kitupu, na tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe. Likiwa kubwa anafanyiwa upasuaji, kisha anakaa na mpira siku 7 hadi 10 au zaidi ili mshono upone.

Wapo pia wanaojifungua kwa upasuaji (wengi wao hutolewa mpira kesho yake), na vijana wa bodaboda waliovunjika uti wa mgongo. Hawa wa mwisho wengine hufundishwa kujipitishia mpira wenyewe, mara kadhaa kwa siku, wakaendelea na kazi zao.

Mgonjwa akirudi nyumbani na mpira, muuguzi ni wewe. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuugusa. Mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu, lakini usiburutwe sakafuni. Usiukunje, usiuvute: puto limejaa, utamchana. Mpe maji ya kunywa. Akipata homa na kutetemeka, mkojo ukiwa na damu nyingi au ukiacha kutoka, mrudisheni zahanati siku hiyo hiyo. Na tarehe ya kubadilisha mpira iandikwe kwenye daftari lako la shule, maana wazee husahau.

Kuna aliyeniuliza pale nyuma: na kama nauli hakuna? Hospitali ya Nkinga ipo wilaya hii hii. Kwa fistula, Bugando ya Mwanza na CCBRT ya Dar es Salaam hufanya upasuaji. CCBRT ilianza mwaka 2009 kutuma nauli za wagonjwa wa fistula kwa M-Pesa. Kwa hiyo kama unamjua mama anayejificha ndani kwa sababu ya harufu, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji aulizie.