Kipimo cha Maendeleo

Ndugu Waislamu,

Barabara ya lami ya kilomita 65 kutoka Tanga yafika hapa mpakani Horohoro, na malori yapita kwenda Mombasa. Twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini tujiulize: jirani yetu aliyelala na njaa amepata nini katika shehena ile?

Azimio la Arusha la 1967 lilifundisha kwamba maendeleo huletwa na watu, wala si fedha. Na karne nyingi kabla yake, Suratul-Hashr ilikwisha kutuonya mali isizunguke baina ya matajiri peke yao.

Basi kabla ya kuhesabu malori, tuhesabu zaka. Akiba iliyotimiza nisabu na mwaka, mbili na nusu katika kila mia si yetu. Leo tukitoka msikitini, tumpigie hodi jirani huyo.

Wabillahi tawfiq.