Jaji Anaposoma Katiba

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 2008, katika shauri la Heller, kwamba katiba ya nchi hiyo inampa kila raia haki ya kuweka bunduki nyumbani kwa ajili ya kujilinda, na Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, alifuata nadharia ya maana ya asili, yaani kuyasoma maneno ya katiba kama yalivyoeleweka na watu wa wakati yalipopitishwa, mwaka 1791.

Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 haitaji silaha miongoni mwa haki za raia, na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi inamtaka mmiliki awe na leseni. Hata hivyo, swali la namna jaji anavyopaswa kuisoma katiba lilijibiwa papa hapa Dodoma mwaka 1994, pale Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, alipoamua kwamba vifungu vya haki za msingi, vilivyoingizwa katika katiba mwaka 1984, vifasiriwe kwa upana ili kuzilinda na kuzikuza haki hizo, na hivyo akamruhusu mgombea binafsi. Huo ndio usomaji unaomfaa raia, kwa kuwa haki iliyofungwa katika fikra za waliokwisha kuiandika haiwezi kumkinga anayeishi leo. Bunge lilibadili katiba kuizuia hukumu hiyo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliamua kuwa suala hilo ni la Bunge, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, yenye makao yake Arusha, ikaona kwamba haki ya Mtikila ilikiukwa. Bunge linapaswa kuitekeleza hukumu hiyo.