Kila Fundi na Mpaka Wake

(Hotuba aliyoitoa mwanachama mmoja wa karakana katika mkutano wa tawi)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya waganga wa meno. Nimewaona wengine mkicheka. Chekeni, lakini mnisikilize. Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni breki za mabehewa. Lakini mimi ndiye niliyempeleka hospitali mwenzetu wa gengi mwaka jana, na tangu siku ile nimeuliza maswali mengi. Niliyojibiwa ndiyo nitakayowaambia.

Mwenzetu yule aliumwa na jino la nyuma. Mshahara ulikuwa umekwisha, akaenda kwa mtu mwenye kibanda karibu na soko. Mtu yule alikuwa na koti jeupe na koleo. Jino likavunjika, mzizi ukabaki ndani. Siku ya tatu shavu lilivimba mpaka shingoni, hata mate hawezi kumeza. Hospitalini walimpasua ili kutoa usaha, wakatuambia kwamba tungalichelewa kidogo pumzi ingalizibika. Alikaa wiki kadhaa bila kazi. Tuliporudi kumtafuta mwenye kibanda, alikuwa amehama.

Mwenzetu si mjinga. Alikuwa na maumivu, akaona koti jeupe akaamini. Lakini koti jeupe lauzwa dukani. Leseni haiuzwi dukani.

Ninyi watu wa reli mwayajua haya kuliko mtu ye yote. Mtu wa pointi haendeshi injini. Hata dereva mwenye cheti hapewi treni ya njia asiyoijua mpaka amepanda na mwenziwe aijuaye, akajifunza miteremko, kona na ishara zake. Wala haoni haya kusema, "Njia hii siijui." Basi katika meno ni vivyo hivyo: kila mmoja ana mafunzo yake na mpaka wake.

Wa kwanza ni afisa wa afya ya kinywa wa jamii. Huyu husomea stashahada katika chuo cha KMTC. Hufundisha watu kutunza meno, husafisha meno, huziba matundu madogo na kung'oa meno yasiyo na matata. Msimdharau, maana ni mtu wa leseni. Likizidi, kazi yake ni kukupeleka mbele.

Wa pili ni daktari wa meno. Huyu hupata shahada ya chuo kikuu; Chuo Kikuu cha Nairobi kimewafundisha tangu mwaka wa 1974. Masomo ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa kufanya kazi hospitalini chini ya wakubwa wake. Ndipo huandikishwa. Aliyesomea nchi za nje naye hana budi kupimwa hapa kwetu kwanza. Daktari huyu huziba, hutibu mzizi wa jino, hung'oa, na huweka meno bandia.

Wa tatu ni daktari bingwa. Huyu alikuwa daktari wa meno kwanza, kisha akarudi chuoni kwa shahada ya pili katika fani moja. Yuko bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, ambaye hutengeneza taya lililovunjika na kukata uvimbe. Yuko wa kunyoosha meno, yuko wa watoto, yuko wa ufizi, na wengineo. Bingwa wa kunyoosha meno si bingwa wa kupasua taya.

Mwenye kuwaandikisha wote hawa ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC. Sheria yake ni Sura ya 253, iliyoanza kazi mwaka wa 1978. Leseni hutolewa upya kila mwaka, na kliniki nayo huwa na leseni yake. Majina yao yamo katika daftari la Baraza, na kwa simu ya mkononi waweza kulitazama bila kulipa kitu.

Nawaonya hasa juu ya watoto. Wako watu ambao, mtoto mchanga akiharisha au akipata homa, hupasua ufizi wake na kuchokoa chipukizi la jino wakisema ndilo ugonjwa. Hilo si ugonjwa, ni jino lake la kesho. Kisu kile chaweza kumletea damu nyingi, sumu ya damu na hata mauti. Mtoto anayeharisha apelekwe zahanati.

Basi kabla ya kufungua kinywa, uliza mambo matatu. Leseni yako ya mwaka huu iko wapi? Je, kazi hii ni ya cheo chako? Ikikushinda, utanipeleka kwa nani? Mwenye haki hatakasirika. Akikasirika, vaa kofia yako uende zako.

Najua mtasema kwamba wa leseni ni ghali. Ni kweli, na hapo ndipo chama kina kazi. Naomba tawi hili liamue mambo mawili. Kwanza, Katibu aweke orodha ya waganga wa meno wenye leseni walio karibu na stesheni zetu, pamoja na hospitali za serikali na bei zao. Pili, tudai kwa wakubwa kwamba mtu akiumwa na jino apewe ruhusa ya kwenda kutazamwa mapema kama mgonjwa mwingine ye yote. Wengi wetu hungoja mpaka siku ya mapumziko, na siku hiyo kliniki zimefungwa ila kibanda ki wazi.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tundu dogo la leo huzibwa kwa saa moja. Likiachwa, ni taya, ni hospitali, ni mshahara. Tena walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Tuyalinde tuliyopewa.

Mwenzetu wa gengi amekaa pale nyuma. Amepona, na ameniruhusu nimtaje. Mwulizeni.