Meneja Naye Hurudi Darasani

Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa ataandika ubaoni hesabu tutakayoitaja.

Leo tutazungumza juu ya shahada inayosomwa na mameneja. Huenda mmoja wenu akauliza, "Mimi najifunza kusoma na kuandika. Shahada ya mameneja yanihusu nini?" Yakuhusu, ndugu. Meneja huyo ni mtu mzima kama wewe. Ana kazi, ana watoto, na jioni amechoka. Hata hivyo hufungua daftari akasoma. Yeye ni mwanafunzi mwenzako.

Tuanze na historia yake. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilianza kufundisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Watu huiita kwa herufi tatu tu: M, B, A. Ziandikeni. Aliyetaka kuisoma ilimbidi aache kazi kwa miaka miwili. Meneja mwenye kazi kubwa na jamaa wa kulisha hakuweza kufanya hivyo. Ndipo mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inaendelea, Chuo Kikuu cha Chicago kilipoanza kuwafundisha mameneja bila ya kuwatoa kazini. Njia hiyo imeenea duniani, na leo iko hata Afrika Mashariki. Wanafunzi husoma jioni, au mwisho wa juma, au wiki moja moja, mpaka miaka miwili hivi ipite.

Je, shahada hii humsaidiaje meneja kupanda cheo? Sikilizeni vizuri. Mtu hupandishwa cheo mara ya kwanza kwa kuijua kazi yake mwenyewe. Lakini akitaka kupanda zaidi, yampasa azijue na kazi za wenzake.

Mfikirieni fundi hodari wa mitambo aliyefanywa mkuu wa karakana. Mashine anazijua barabara. Siku moja anaitwa katika mkutano wa wakubwa. Mhasibu anasema juu ya madeni, mwuzaji anasema juu ya bei, mwanasheria anasema juu ya mikataba. Fundi wetu ananyamaza. Hakosi akili, hajafundishwa maneno ya kazi hizo. Shahada hii humfundisha hayo: hesabu za fedha, masoko, sheria za biashara, uongozi wa watu, na mipango ya miaka ijayo.

Sasa tufanye hesabu. Meneja wa ghala amenunua mifuko 100 ya saruji, kila mfuko kwa shilingi 15,000. Ametoa shilingi 1,500,000. Ameiuza yote kwa shilingi 17,000 kila mfuko. Mauzo ni shilingi 1,700,000. Faida ni shilingi 200,000. Meneja anafurahi.

Ngojeni kidogo. Mifuko 60 ameiuza kwa mkopo. Fedha aliyoipokea ni ya mifuko 40 tu, yaani shilingi 680,000. Akitaka kununua mifuko mingine 100 kwa bei ile ile, amepungukiwa shilingi 820,000. Faida imo daftarini, lakini fedha haimo sandukuni. Wateja watakuja, nao watakuta ghala tupu. Biashara nyingi hufa kwa namna hii, huku mwenyewe akidhani anapata faida. Meneja anayeliona jambo hili mapema ndiye anayeaminiwa kupewa matawi matatu badala ya moja.

Jambo jingine ni wenzake darasani. Meneja wa ghala huketi karibu na mganga mkuu wa hospitali, na afisa wa bandari, na mkuu wa chama cha ushirika. Kila mmoja huleta shida ya kazini kwake, nao huijadili pamoja. Alilolisikia Jumamosi, Jumatatu hulijaribu kazini. Elimu inayojaribiwa hivyo haisahauliki upesi.

Lakini msidhani kwamba cheti peke yake humpandisha mtu. Mkubwa wa kazi hutazama matendo. Meneja anayewatukana walio chini yake, au anayechelewa kila siku, hatasaidiwa na karatasi iliyotundikwa ukutani. Tena gharama yake si ndogo. Pale Chicago ada ya masomo yote imepita dola 200,000. Huku kwetu ada ni ndogo kuliko hiyo, lakini bado ni mishahara ya miezi mingi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, yampasa meneja ajiulize maswali matatu.

Kwanza, je, chuo hiki kinatambuliwa? Kwa Tanzania, swali hilo huulizwa Tume ya Vyuo Vikuu.

Pili, nani atalipa? Pengine mwajiri atalipa, kisha amtake mfanyakazi atie sahihi mkataba wa kubaki kazini miaka kadhaa. Mkataba huo usomwe wote, neno kwa neno, kabla ya kutia sahihi.

Tatu, je, nyumbani wamekubali? Mke au mume na watoto ndio watakaomkosa kila mwisho wa juma. Wasiposhauriwa mapema, masomo yataleta ugomvi.

Nawe, ndugu mwanafunzi, unaweza kuanza leo. Pigeni mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andikeni fedha iliyoingia, na upande wa pili iliyotoka. Anayeuza samaki aandike, anayelima pamba aandike, anayeshona nguo aandike. Hesabu za meneja zimejengwa juu ya mstari huo huo. Kutoka hapo kuna ngazi ya kupanda. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu. Hufundisha kuanzia cheti hadi shahada. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na meneja naye huinama juu ya daftari kama wewe.

Maswali ya kujibu darasani:

1. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kuwafundisha mameneja walio kazini mwaka gani?
2. Meneja wa ghala alipata faida. Kwa nini hakuweza kununua mifuko mingine 100?
3. Wateja wake wakimlipa deni la mifuko 30, atakuwa na shilingi ngapi kwa jumla?
4. Kwa nini ni lazima kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi?

Jibuni kwa maandishi, kisha msomeane majibu yenu. Kwaherini, wasikilizaji.